Aliyefungua Mlango Ndiye Amlipe Mfumaji

Leo twaanza na hesabu, nayo ni hesabu ya darasa la tatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, namba 6 ya mwaka 2004, yasema mfanyakazi anayepunguzwa kazini alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumika, ila miaka inayohesabiwa isizidi kumi. Siku saba mara kumi ni siku sabini. Mtu aliyesimama mbele ya mashine ya kusokota nyuzi kwa miaka kumi atapata siku sabini. Mwenzake aliyesimama hapo miaka thelathini atapata siku sabini zile zile. Ile miaka ishirini ya ziada, iliyomlia macho na kumjaza vumbi la pamba kifuani, sheria haiioni kabisa.

Wapo watakaotujibu kwamba hicho ni kiwango cha chini tu, na kwamba chama cha wafanyakazi chaweza kupatana na mwajiri akatoa zaidi. Ni kweli. Lakini kiwanda kinachokufa hakina cha zaidi. Mfilisi akiingia na madaftari yake, wenye mikopo yenye dhamana wamekwisha kukamata mashine na majengo, na mfumaji yuko nje ya geti anangoja kuitwa jina. Jirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya kazi ya mwaka 2007, waliandika siku kumi na tano kwa kila mwaka, wala hawakuweka ukomo wa miaka kumi. Basi hata hapa Afrika Mashariki mtu asituambie kwamba jambo hili haliwezekani.

Hata hivyo kiinua mgongo sicho kinachotugombanisha leo. Hilo ni jambo la mwajiri na mwajiriwa. Sisi twauliza habari za mtu wa tatu, ambaye hatajwi popote katika hesabu ile, naye ni Serikali iliyofungua mlango bidhaa za ng'ambo zikaingia.

Tukumbushane. Baada ya Uhuru nchi hii ilijenga viwanda vya nguo kwa makusudi. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilianza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma Mutex, Arusha Kiltex, Morogoro Polytex, Dar es Salaam tena Sunguratex. Pamba ilitoka Usukuma, ikasokotwa, ikafumwa, ikapigwa chapa, na mama akaifunga kiunoni ikiwa khanga. Vijana wa vijijini walifika mjini, wakafundishwa kazi ya zamu, wakajenga vibanda, wakasomesha watoto. Kisha mwaka 1984 bajeti iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa kutoka nje bila kuulizwa alikozipata. Mwaka 1986 Serikali ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka iliyofuata ushuru ukashuka, vizuizi vikaondolewa, marobota ya mitumba yakaingia pamoja na vitenge vipya vya Asia. Miaka ya 1990 viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine, na vingine vikauzwa. Urafiki yenyewe mwaka 1996 ikawa ya ubia, China ikashika hisa 51 kwa mia na Tanzania 49. Wenzetu wa Kenya walipita njia hiyo hiyo. Kicomi ya Kisumu ilinyamaza. Rivatex ya Eldoret ilianguka, mpaka Chuo Kikuu cha Moi kikaja kuinunua mwaka 2007.

Hakuna aliyefanya haya usiku kwa siri. Yalisomwa Bungeni, yakapigiwa kura, yakachapwa katika Gazeti la Serikali. Wala hatusemi kwamba hayakuleta faida. Anayekumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, watu walipopanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya kipande cha kaniki, hawezi kuilaani mitumba kwa kinywa kipana. Mtoto wa mkulima alipata shati la kwendea shule. Mama anayefungua robota pale Karume au Manzese naye ana watoto, nao hula kwa kazi hiyo. Sisi hatuna ugomvi naye, na mtu yeyote anayetaka kuwapiganisha wafumaji na wauza mitumba, kabwela kwa kabwela, hana nia njema na yeyote kati yao.

Lakini tazameni faida ilivyogawanywa na hasara ilivyogawanywa. Faida ilitawanyika nchi nzima, kila mnunuzi akabakiza shilingi chache mfukoni. Hasara yote walibebeshwa watu wachache, waliokaa mitaa michache, ya Ubungo na Mwanza na Musoma, ambao hawakuulizwa. Ni kama harusi ambayo kijiji kizima kimekula pilau, kisha bili akapewa mpishi.

Serikali ikitaka kupitisha barabara katikati ya nyumba za watu, hufanyaje? Huleta mthamini, huhesabu matofali na miembe, hulipa fidia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema fidia hiyo iwe kamili, ya haki, na ya haraka. (Kama kweli huwa ya haraka, waulizeni waliobomolewa.) Maana yake ni kwamba tumekwisha kukubali, katika sheria zetu wenyewe, kuwa mtu mmoja asivunjiwe chake kwa manufaa ya wote halafu wote wakae kimya. Je, kazi ya mtu ni duni kuliko mwembe wake? Biashara ya nje nayo ni barabara. Ilipopitishwa, ilibomoa kazi za watu, na hakuna mthamini aliyetumwa.

Sasa tuwatazame hao waliotuhubiria soko huria. Marekani mwaka 1962, Rais Kennedy alipotaka ruhusa ya kupunguza ushuru wa forodha, alitia sahihi sheria ya biashara iliyobeba ndani yake ahadi kwa wafanyakazi: atakayepoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje atapewa posho, atafundishwa kazi nyingine, na akibidi kuhamia mji mwingine atasaidiwa gharama za kuhama. Ndio kusema kwamba taifa tajiri kuliko yote, lenye bepari wa kila namna, lilikiri mbele ya ulimwengu kwamba mlango ukifunguliwa kuna watakaokanyagwa, na kwamba aliyefungua anadaiwa.

Ahadi hiyo ilitimizwaje? Hapa ndipo penye funzo, na twaomba msomaji awe na subira. Tangu 1962 hadi karibu na mwisho wa 1969 hakuna kundi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa. Miaka saba, hakuna hata mmoja! Sababu ilikuwa katika maneno ya sheria. Mfanyakazi alitakiwa athibitishe kwamba bidhaa zimeongezeka hasa kwa sababu ya punguzo la ushuru, kisha athibitishe kwamba ongezeko hilo ndilo hasa lililomfukuzisha. Nani ataweza? Mwenye hesabu za forodha ni Serikali, mwenye hesabu za kiwanda ni tajiri, na mfumaji anacho kitambulisho cha kazi na barua ya kufukuzwa. Mwaka 1974 sheria ililegezwa. Ikatosha kwamba bidhaa za nje zimechangia kwa uzito, hata kama ziko sababu nyingine. Wafanyakazi watatu tu waliweza kuandika ombi, na Wizara ya Kazi ndiyo iliyopaswa kwenda kuchunguza. Mlango wa haki ukafunguka. Mwaka 1980 peke yake, viwanda vya magari vilipotikiswa, watu zaidi ya laki tano walipata posho. Mwaka uliofuata Serikali ya Reagan ikaja na mkasi.

Ikawa hivyo miaka yote, huyu anaongeza, yule anakata. Mwaka 2002 waliongeza jambo moja lililotupendeza: mtu aliyefikisha miaka hamsini, akikubali kazi nyingine yenye mshahara mdogo, alilipwa nusu ya pengo la mshahara kwa muda wa hadi miaka miwili, kwa kiwango kilichowekwa. Wale wanaojua tofauti ya kijana na mtu mzima aliyezoea mashine moja wataelewa kwa nini. Mwishowe, Julai 1, 2022, muda wa sheria ulikwisha bila kuongezwa, na Wizara ya Kazi ikakosa mamlaka ya kukubali maombi mapya. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa huko walikuwa zamani wameupachika mpango huo jina la bima ya mazishi. Ulaya nao walianzisha mfuko wao mwaka 2007, kwa watu wanaopunguzwa kwa mamia katika viwanda vilivyopigwa na mabadiliko ya biashara ya dunia.

Na hao hao matajiri, katika nguo, hawakuishia kwenye posho. Kuanzia 1974 hadi mwisho wa 2004 walikuwa na mapatano maalumu yaliyowaruhusu kuweka kikomo cha nguo na nyuzi zinazoingia kutoka nchi maskini. Miaka thelathini! Sisi tuliambiwa tufungue kwa haraka, ati dawa chungu humezwa mara moja. Wao walijipa muda wa mtoto kuzaliwa, kukua, kuoa na kupata wake.

Kuna kisa kingine ambacho wanachama wetu wanapaswa kukijua kwa tarehe zake. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, na ushuru wake ukapandishwa. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani, SMART, kilipeleka malalamiko kwa Serikali yao, kikidai kwamba kazi 40,000 za Wamarekani zingeathirika. Kazi zenyewe ni za kukusanya, kuchambua na kufunga marobota. Serikali yao haikuwaambia waende shamba. Iliwasikiliza, ikafungua uchunguzi juu ya Rwanda, Uganda na Tanzania, na kutishia kuzinyima nafasi katika AGOA, ule mpango wa mwaka 2000 wa kupeleka bidhaa Marekani bila ushuru. Kenya ilikwisha kujitoa mapema. Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ilikataa kurudi, na Julai 30, 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo.

Hatuwalaumu viongozi waliopiga hesabu wakaona soko la Marekani lina uzito. Huenda sisi nasi tungepiga hesabu hiyo hiyo. Twauliza jambo moja tu. Serikali ya Marekani ilisimama kumlinda anayefunga mashati makuukuu. Serikali zetu ziliporudi nyuma, ni ukurasa gani wa bajeti uliomtaja anayefuma nguo mpya? Tuonyeshwe ukurasa huo tuusome hadharani.

Tunajua majibu yatakayokuja, kwa maana tumeyasikia mikutanoni.

La kwanza: viwanda vile vilikufa kwa ugonjwa wake vyenyewe, kwa uzembe, wizi, umeme wa kukatika, mashine zilizochakaa na vipuri visivyopatikana. Ugonjwa huo ulikuwapo, hatuufichi. Lakini ni nani aliyekuwa akiagiza vipuri? Mfumaji? Ni nani aliyemteua meneja mkuu? Mama aliyekuwa akifunga nyuzi zilizokatika, mguu kwa mguu zamu nzima, hakuitwa hata siku moja kwenye kikao cha bodi. Kumwambia leo achambue kwamba robo ya msiba wake ni mitumba, robo ni umeme, na nusu ni meneja, ni kurudia lile kosa la Marekani la 1962. Bidhaa za nje zikiwa zimechangia kwa uzito, inatosha.

La pili: Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, una fao la kukosa ajira. Upo, na tangu sheria mpya za mwaka 2018 hutoa theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia angalau miezi kumi na minane. Ni jambo jema. Lakini hiyo ni bima ambayo mfanyakazi mwenyewe ameilipia kwa makato yake; haiwezi kuhesabiwa kuwa malipo ya Serikali kwa uamuzi wa Serikali. Na kibarua je, yule aliyefanya kazi miaka minne kwa karatasi ya mwezi mmoja mmoja, bila jina lake kuandikishwa kwenye mfuko wowote? Viwanda vya nguo vimejaa watu hao.

La tatu, na ndilo linalotuudhi zaidi: waende wakalime, au wawe wamachinga. Tunamjua mama mmoja aliyetumika karibu miaka ishirini katika ukumbi wa kusokota wa kiwanda tusichokitaja. Alikuwa na sikio la kusikia mashine inayotaka kuharibika kabla fundi hajajua. Leo anauza vitenge vya ng'ambo kwa mkopo wa tajiri wa Kariakoo, anatembea navyo kichwani, jora moja moja, akimwachia tajiri faida iliyo nono. Mabwana wakubwa humwita mjasiriamali. Sisi twaona fundi aliyelipotezea taifa ujuzi wa miaka ishirini, wala si kwa hiari yake.

La nne: Serikali haina fedha. Basi tuangalie. Waajiri wa nchi hii hutozwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo huhesabiwa juu ya mishahara ya wafanyakazi wao. Sehemu kubwa ya tozo hiyo imekuwa ikienda kwenye mikopo ya elimu ya juu. Sisi ni watu wa chaki, hatumwonei kijicho mwanafunzi wa chuo kikuu. Lakini fedha iliyohesabiwa juu ya mshahara wa mfumaji, kwa jina la ufundi, ingefaa imfikie mfumaji siku anapouhitaji ufundi mwingine. Na tena: mwaka 2015 Serikali ilipotaka reli, iliweka tozo ya asilimia moja na nusu juu ya bidhaa zinazoingia nchini, na bidhaa ziliendelea kuingia. Mtu atuambie kwa nini tozo ndogo zaidi ya hiyo, juu ya nguo tu, mpya na kuukuu, haiwezi kujaza mfuko wa wale ambao nguo hizo zimewatoa kazini. Mnunuzi hataihisi. Aliyepata faida ya mlango kufunguliwa atachangia senti kwa aliyeumizwa nao.

Kwa hiyo twataka sheria, wala hatutaki hisani ya waziri. Hisani huja na waziri na huondoka naye. Waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977 walikuwa bado wanaandamana Dar es Salaam kudai mafao yao katika miaka ya 2000, wazee wa fimbo, wengine wakiwakilishwa na wajane. Sheria iseme kwamba wafanyakazi watatu, wa kudumu au vibarua, waweza kumwandikia Afisa Kazi wa wilaya barua ya kawaida, ya Kiswahili, bila wakili. Iseme uchunguzi ni kazi ya Serikali, na jibu litoke kwa maandishi ndani ya siku sitini. Likiwa la kukubali, malipo yatoke mfukoni na yasimngoje mfilisi. Michango ya pensheni iendelee kuwekwa wakati mtu anajifunza kazi mpya VETA. Mwenye umri mkubwa alipwe sehemu ya pengo la mshahara, kama walivyofanya wale wa 2002. Wala muda wa sheria hiyo usiwe na tarehe ya kufa, maana tumeona yaliyowapata Wamarekani.

Juu ya mafunzo twaongeza neno, kwa sababu sisi ni walimu na tunajua cheti kisichokuwa na kazi. Kumfundisha mfumaji kutengeneza kompyuta, kisha kumrudisha mtaani kusiko na kompyuta, ni kumpotezea muda. Sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii bado huuzwa nje ikiwa haijasokotwa. Kazi aijuayo mtu huyu ipo. Kinachokosekana ni mashine, umeme na mtaji. Waliopunguzwa wakitaka kuungana katika ushirika wao wa kufuma au kushona sare za shule na za majeshi, mfuko uwape mashine badala ya cheti, na zabuni za Serikali ziwaangalie kwanza.

Haraka yetu ina sababu. Mlango mwingine umekwisha kuanza kufunguka. Eneo Huru la Biashara la Afrika lilianza biashara Januari 1, 2021, na Bunge letu liliridhia mwaka huo huo. Nchi maskini zaidi, nasi tumo, zimepewa miaka kumi kuondoa ushuru kwenye asilimia tisini ya aina za bidhaa. Sisi ni watu wa umoja wa Afrika na hatutaupinga mkataba huo. Ila mguu ukikanyagwa na ndugu huuma sawasawa. Nguo ya kiwanda cha Misri ikiwa rahisi kuliko ya Morogoro, mfumaji wa Morogoro atarudi nyumbani kama alivyorudi yule wa mwaka 1995, na safari hii hatutakubali kuambiwa kwamba hakuna aliyejua.

Bunge la Bajeti huanza Aprili. Kabla ya hapo kila tawi lililo karibu na kiwanda cha nguo, kilicho hai au kilichofungwa, liandike orodha ya waliopunguzwa: jina, kiwanda, idara, mwaka aliingia, mwaka alitoka, alilipwa nini. Barua za kupunguzwa zinakiliwe, hata zile zilizoliwa na mende. Orodha ziletwe ofisi ya wilaya, nasi tutazipeleka kwa kila mbunge wa eneo hilo mkononi mwake, mbele ya mashahidi. Makarani wa matawi wasiwasahau waliokwisha kufa. Hao waandikwe kwenye karatasi ya pekee, pamoja na majina ya warithi wao.